Kiingereza nje ya darasa: mwongozo kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Mtu anaweza kuamka Mafinga, akapanda basi, akashuka Mbeya, akanunua mchele wa Kyela pale Mwanjelwa, akalala na kuamka tena bila kuhitaji hata sentensi moja ya Kiingereza. Kiswahili kinamtosha stendi, hospitali na kanisani. Hiyo ni neema, na sitaki mtu aione kuwa kasoro. Ila ndiyo sababu kubwa inayomfanya kijana aliyefundishwa fizikia na historia kwa Kiingereza miaka minne ya sekondari afike kwenye usaili na kukwama swali la kwanza tu, anapoambiwa ajieleze. Sarufi anayo, tena ameifanyia mitihani. Mdomo wake ndio haujawahi kufanya kazi hiyo.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na sarufi. Unasimama juu ya mambo mawili: kusema kwa sauti, na kusema jambo ambalo tayari unalijua vizuri kwa Kiswahili. Wengi wanaojifunza peke yao hufanya kinyume. Wanafungua video ya Mmarekani anayeeleza soko la hisa, jambo hawalijui, lugha hawaijui, na baada ya siku chache wanaamini wao ni wazito wa kuelewa. Si wazito. Walianzia pagumu.

Hatua ya 1: Tafuta mwenzi mmoja

Mwenzi huyu si lazima awe anakijua Kiingereza kuliko wewe. Sifa anazohitaji ni tatu: anapatikana, ana nia yake mwenyewe ya kujifunza, na hacheki. Hii ya tatu ndiyo ngumu kuipata. Huku kwetu ukisema sentensi mbili za kimombo mbele za watu, hakosekani wa kusema unajidai au unatema ung'eng'e. Nimeona wanafunzi wazuri wakinyamaza miaka mizima kwa sababu ya kicheko kimoja cha darasani. Ndiyo maana nasema mtu mmoja, wala si kundi. Kundi litakuja baadaye.

Kubalianeni masharti mapema. Mmoja akisema, mwingine hamkatizi hata akikosea vibaya. Akimaliza, msikilizaji anamtajia makosa mawili tu, yale yaliyomfanya asielewe, mengine anayaacha. Neno likikosekana katikati ya sentensi, mtu alitaje kwa Kiswahili aendelee mbele, litatafutwa mwishoni. Sharti hili la mwisho wengi hulipinga kwa sababu shuleni walikuta kibao cha kuwakataza Kiswahili, na wengine waliadhibiwa kwa kukiongea. Mimi nalitetea. Anayekatazwa kuazima neno la Kiswahili hataongea Kiingereza zaidi, atanyamaza.

Dakika 20 zinatosha, mara tatu au nne kwa wiki, ila saa iwe ileile. Kama mnatoka chuo au kazini pamoja, tumieni njia. Kutembea kunasaidia, kwa sababu hamtazamani usoni na aibu inapungua. Juni na Julai, baridi ya Njombe au Uyole inapowarudisha watu ndani mapema, kaeni jikoni wakati chakula kinaiva.

Ukikosa mwenzi kabisa, tumia kinasa sauti cha simu. Jirekodi ukisema dakika mbili, sikiliza, kisha sema tena. Si sawa na mtu, lakini ni bora mara nyingi kuliko kusoma kimyakimya.

Na jambo la adabu. Mazoezi yana mahali pake. Mzee ukikutana naye Iringa, "Kamwene" yake mpe. Tukuyu, "Ugonile" ipo palepale. Na shikamoo haina mbadala. Kijana anayemsalimia bibi yake kwa Kiingereza hajafanya mazoezi, amemkosea bibi.

Hatua ya 2: Eleza unachokijua, dakika nne, tatu, mbili

Hapa ndipo ningependa uweke nguvu kuliko hatua nyingine zote.

Chukua jambo unaloweza kulieleza kwa Kiswahili hata ukiamshwa usiku. Fundi cherehani aeleze anavyopima na kukata sketi. Mkulima aeleze viazi mviringo kuanzia kuchagua mbegu hadi kufunga gunia. Kijana wa bodaboda aeleze anavyojua kwamba plagi imechoka. Mama anayepika maandazi aeleze unga, hamira na moto. Usianze na mada za mtihani kama faida na hasara za utandawazi. Anza na kazi ya mikono yako.

Lieleze jambo hilo kwa Kiingereza kwa dakika nne. Utasuasua, utarudi nyuma, maneno yatakosekana. Pumzika kidogo, kisha lieleze jambo lilelile, mambo yaleyale, kwa dakika tatu. Halafu kwa mara ya tatu, dakika mbili. Zoezi hili lilielezwa na Keith Maurice mwaka 1983, na Paul Nation wa Chuo Kikuu cha Victoria kule Wellington, New Zealand, ameliandika na kulitetea kwa miaka mingi. Asili yake ni kubadilisha msikilizaji kila raundi ili ujisikie unaeleza upya. Mkiwa wawili tu, inafaa pia. Mkifika wanne, badilishaneni.

Linafanya kazi kwa sababu raundi ya kwanza akili yako inatafuta maneno, na raundi ya pili maneno tayari yamekaa karibu. Muda unapopungua hupati nafasi ya kutafsiri kila neno kutoka Kiswahili, inabidi sentensi zitoke zikiwa zimeungana. Nimewaona watu ambao raundi ya kwanza walikuwa wanasimama kila baada ya maneno matatu, na raundi ya tatu wanaongea kama wanavyoongea dukani. Kosa la sarufi linaweza kubaki. Liache. Zoezi hili ni la ulaini wa kusema, na usahihi una wakati wake.

Ukishamaliza mambo ya kazi yako, ingia kwenye mambo ya nyumbani kwetu ambayo mgeni yeyote angependa kuyasikia. Kwa mtu wa Iringa, habari ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ni hazina ya mazoezi. Mpangilio wake unaujua tangu shule ya msingi: Agosti 1891 Wahehe waliwavamia na kuwashinda Wajerumani walioongozwa na Zelewski pale Lugalo, Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikatekwa, Mkwawa akaendelea kupigana porini hadi 1898 alipojiua asikamatwe, fuvu lake likapelekwa Ujerumani, likarudishwa mwaka 1954, na sasa limehifadhiwa Kalenga. Ona faida yake: miaka iko wazi, tukio moja linafuata jingine, na vitenzi vyote ni vya wakati uliopita. Ukimweleza mwenzi wako kisa hiki kwa wiki moja, vitenzi vya wakati uliopita vitakuingia kuliko kukariri jedwali lake.

Wa Mbeya na Songwe wana Kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma kutoka angani lenye uzito wa zaidi ya tani kumi, na wana Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu huko Rungwe. Haya yanahitaji maneno ya umbo, ukubwa na mahali, na ni mazoezi tofauti na kisa. Isimila, nje kidogo ya mji wa Iringa, inafaa kwa yote mawili: kuna nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, na kuna zana za mawe za watu wa kale.

Hatua ya 3: Soma habari moja mara mbili, kwa lugha mbili

Tanzania tuna bahati ambayo watu hawaitumii. HabariLeo na Daily News yanatoka kampuni moja. Mwananchi na The Citizen vilevile. Nipashe na The Guardian vilevile. Maana yake habari kubwa ya siku, kama bei ya mbolea, bajeti au mechi ya timu ya taifa, mara nyingi utaikuta kwenye magazeti yote mawili, siku ileile, moja kwa Kiswahili na jingine kwa Kiingereza.

Fanya hivi. Soma kwanza ya Kiswahili mpaka uielewe yote. Weka gazeti kando. Sasa soma ya Kiingereza bila kamusi, tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa sababu unajua nani kafanya nini na wapi, maneno mageni yatajieleza yenyewe kwa sehemu kubwa. Ukirudia mara ya pili ndipo upigie mstari maneno machache ambayo yanaonekana kurudi mara kwa mara. Machache kweli, matano au sita. Mwisho mwambie mwenzi wako habari hiyo kwa mdomo, ukiwa umefunga gazeti.

Watafiti wa usomaji wa lugha ya kigeni wameonyesha kwamba ili mtu asome vizuri bila msaada wowote, anapaswa kuyajua maneno kama 98 katika kila 100 ya matini. Hicho ni kiwango cha juu, na ndiyo sababu gazeti la Kiingereza linamchosha mtu aliyemaliza kidato cha nne akadhani hana akili. Kusoma Kiswahili kwanza kunapunguza ugumu huo. Njia nyingine ni kushuka kiwango. Maktaba za mkoa za Mbeya na Iringa zipo; ingia, uliza vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi, hata vya watoto, usione haya. Kitabu chepesi ulichokimaliza kimekufaa kuliko kinene ulichokiacha ukurasa wa nane.

Kwa wanaosali, Biblia ni njia nzuri sana, na nashangaa haitajwi. Sura unayoijua kwa moyo kwa Kiswahili, isome katika tafsiri ya Kiingereza cha sasa. Nasema cha sasa kwa msisitizo. Tafsiri ya King James ni ya mwaka 1611, na ukijifunza viwakilishi vyake utaongea kama mtu wa karne ya kumi na saba.

Vibandiko vya dawa za mimea na mbegu navyo usiviache. Vingi vina maelezo kwa lugha zote mbili, na maneno yake ya kupima, kuchanganya, kunyunyiza na kukinga ni yale unayoyafanya shambani.

Hatua ya 4: Masikio kwanza, kisha matamshi

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kama kinavyofundishwa na Waingereza kina sauti za irabu zipatazo 20. Haishangazi kwamba masikio yetu hayasikii tofauti ya "ship" na "sheep", au "live" na "leave". Tofauti hiyo haitakuja kwa kuelezwa, itakuja kwa kusikia. Mwenzi wako aseme neno moja kati ya jozi, wewe umwonyeshe kwa kidole ni lipi. Mkifanya dakika tano kwa siku chache masikio yatafunguka, na mdomo hufuata masikio.

Lakini linalowafanya wageni wasituelewe zaidi, kwa uzoefu wangu, ni mkazo. Sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, bila kufikiri. Kiingereza kinauhamisha. Kwenye "photograph" uko mwanzoni, kwenye "photographer" umehamia silabi ya pili. "Hotel" unakaa mwishoni. Kwa hiyo unapojifunza neno jipya, usiridhike na maana na tahajia. Jifunze linapigwa wapi, na uliwekee alama juu ya silabi hiyo kwenye daftari.

Lingine ni irabu tunazoongeza. Tunapenda kila silabi iishe na irabu, basi "ask" linakuwa na mkia, na "worked" linagawanyika mara mbili wakati Mwingereza analitamka kwa pigo moja. Na wale ambao l na r hupishana mdomoni, nao ni wengi katika mikoa hii, wachague maneno kumi wanayoyatumia kila siku wayafanyie kazi hayo tu kwanza.

Sikiliza kwa vipande vifupi. BBC Learning English ina vipindi vya dakika sita ambavyo maandishi yake yanapatikana bure kwenye tovuti yao. Pakua vichache siku una bando la kutosha, uvisikilize bila intaneti. Sikiliza mara ya kwanza bila maandishi, mara ya pili ukiyafuata kwa macho, mara ya tatu ukisema pamoja na msemaji, sauti yako ikimfuata kwa karibu, ukiiga kupanda na kushuka kwake. Kipindi kimoja kwa wiki nzima kinatosha. Anayesikiliza kipya kila siku hasikii kimoja vizuri.

Na kibanda umiza? Mechi za Ligi Kuu ya Uingereza zikitangazwa kwa Kiingereza ni msaada halali. Mtangazaji anaongea kasi, lakini anachokisema unakiona kwa macho: kona, faulo, kadi, mpira umetoka. Watu wengi walioniambia walianza kuelewa Kiingereza cha kusikia bila kujua, walianzia hapo.

Niseme wazi kuhusu lengo. Hutakiwi kusikika kama mtu wa London. Mzambia, Mghana na Mhindi wanakiongea kwa lafudhi zao na wanafanya biashara dunia nzima. Lengo ni kueleweka mara ya kwanza, bila kurudiarudia.

Hatua ya 5: Sentensi kwenye bahasha tatu

Maneno yanasahaulika haraka. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilipima hilo mwaka 1885 na halijabadilika. Dawa yake ni kurudia kwa kuachanisha siku.

Kata karatasi ngumu vipande vidogo. Upande mmoja andika sentensi nzima ya Kiswahili ambayo ungeisema kweli, upande wa pili Kiingereza chake. Usiandike neno tupu. Tengeneza bahasha tatu: ya kila siku, ya kila baada ya siku tatu, na ya kila wiki. Kadi mpya inaanzia ya kwanza. Ukiipatia kwa mdomo, inasogea; ukiikosa, inarudi mwanzo hata kama ilikuwa ya mwisho. Sebastian Leitner aliueneza utaratibu wa namna hii miaka ya 1970, na programu za simu kama Anki zinaufuata, ila karatasi haimalizi chaji.

Zipe nafasi ya kwanza sentensi zenye "he" na "she". Kiswahili hakitenganishi, tunasema "amekuja" na mambo yamekwisha, kwa hiyo hata mtu aliyesoma sana humwita mama yake "he". Kosa hili halitibiki kwa kanuni, maana kanuni unaijua. Linatibika kwa kusimulia habari za dada yako, kisha za kaka yako, mpaka mdomo uzoee.

Kwa kamusi, ile ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, bado ni rafiki mzuri. Programu za tafsiri za simu zinafaa kwa neno moja au mawili. Ukizipa aya nzima ya kwako, umezipa mazoezi yako zikufanyie.

Hatua ya 6: Nenda panapohitajika

Baada ya miezi michache ya mwenzi mmoja, utahitaji watu ambao bila Kiingereza hamwelewani. Hapo Nyanda za Juu Kusini tuko vizuri kuliko tunavyofikiri, kwa sababu tunapakana na nchi mbili ambazo Kiingereza ni lugha yake rasmi: Zambia kupitia Tunduma, kama kilomita 100 kutoka Mbeya mjini, na Malawi kupitia Kasumulu wilayani Kyela. Reli ya TAZARA imekuwa ikiunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi tangu 1976, na barabara kuu ina malori ya kwenda Zambia, Kongo na mbele zaidi usiku na mchana.

Usitarajie tu kwamba ukivuka utakuta Kiingereza mdomoni mwa kila mtu. Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, Kiswahili kinasikika kila kona. Na Mnyakyusa wa Kyela akikutana na Mngonde wa Karonga, lugha zao ziko karibu kiasi kwamba wataelewana bila msaada wa Mwingereza. Wanaokufaa ni wanaotoka mbali zaidi: mfanyabiashara wa Lusaka, dereva wa Zimbabwe, mtu wa Lilongwe anayesubiri karatasi zake. Ukiwa na duka la vipuri, mgahawa, nyumba ya wageni au kazi ya wakala wa forodha, hawa wanakujia wenyewe. Andaa mapema sentensi za kazi yako: bei, kiasi, ubora, muda wa kusubiri, namna ya kulipa. Zifanyie zoezi la dakika nne, tatu, mbili.

Wasio na biashara wasiende kuzurura kwenye maegesho ya malori kwa jina la mazoezi. Kwa mabinti nasema kwa uzito zaidi: mazungumzo yawe mchana, mahali penye watu, na mwenzako akiwepo. Lugha hujifunzwa polepole, hakuna haraka inayostahili kukuweka hatarini.

Upande wa Iringa kuna watalii wanaopita kwenda Hifadhi ya Ruaha. Usimvamie mgeni barabarani kumfanya kitabu chako. Ila ukijitolea kufuatana na waongozaji wa Isimila au Kalenga, ukasikiliza wanavyoeleza na kuomba kueleza kipande kidogo, umepata darasa na kazi kwa pamoja. Ukikutana na mgeni, muulize maswali mafupi yenye majibu marefu, kama vile anakotoka watu wanalima nini. Usianze na jina, umri na dini.

Hatua ya 7: Simu

Badilisha lugha ya simu yako iwe Kiingereza. Baada ya wiki mbili hutaiona tena, na maneno yake utakuwa nayo. Isipokuwa pesa. Menyu za kutuma fedha na mashine za benki ziache kwa Kiswahili mpaka uwe na hakika ya kila neno, maana kosa la hapo linakugharimu.

Tumeni ujumbe wa sauti kwa WhatsApp badala ya kuandika. Dakika moja kila jioni: leo nimefanya nini, kesho nina nini. Mwenzi anajibu kwa sauti na kuuliza swali moja.

Programu za akili mnemba nazo zinaweza kuzungumza nawe kwa Kiingereza na kukusahihisha bila kukucheka. Ziambie ziongee polepole, zikuulize swali mojamoja, na zikuonyeshe makosa mawili mwishoni, yaani masharti yaleyale ya mwenzi wako. Barua ya kuomba kazi iandike wewe kwanza, ndipo uombe isahihishwe, kisha uulize kila kilichobadilishwa kimebadilishwa kwa nini. Ukiandikiwa yote, utakaa kwenye usaili mbele ya barua usiyoweza kuisoma kwa mkazo sahihi.

Mkishakuwa kundi

Jozi mbili au tatu zikiungana mnakuwa na klabu. Mkutane Jumamosi, saa moja tu, na kila mkutano uwe na mtu mmoja aliyeandaa jambo la kueleza, wengine waulize. Msitoze faini kwa anayeongea Kiswahili. Nimeona klabu zikifa kwa faini. Wenye haya ndio huondoka kwanza, na klabu ilikuwa ya kwao. Midahalo ya shule inapendwa, lakini wanaoongea ni wanne na ukumbi mzima unapiga makofi. Wagaweni wawiliwawili kwa nusu saa ya mwanzo, kila mdomo ufanye kazi, ndipo mkae pamoja.

Wazazi wengi huniuliza kama waache Kiswahili nyumbani ili mtoto azoee Kiingereza. Hapana. Mtoto anayejua kueleza, kuhoji na kusimulia kwa Kiswahili, au kwa Kibena, Kihehe au Kinyakyusa, ana cha kusema atakapofika kwenye Kiingereza. Mzazi anayeongea naye Kiingereza cha kubahatisha anamnyima lugha ambayo yeye mzazi anaimudu. Msomee kitabu chepesi jioni, dakika kumi, na maongezi mengine yote yabaki lugha yenu.

Kupima hatua, na msimu wa mvua

Siku ya kwanza ya zoezi, jirekodi ukieleza jambo moja la kazi yako kwa dakika mbili, uihifadhi sauti hiyo. Kila mwisho wa mwezi jirekodi tena kwa jambo lilelile. Sikiliza mambo matatu: unasimama mara ngapi, unatumia maneno mangapi ya Kiswahili kujazia, na mkazo umekaa wapi. Usihesabu makosa yote. Miezi miwili ya mwanzo tofauti huwa ndogo na wengi huacha hapo. Ukisikiliza ya mwezi wa nne karibu na ya kwanza utaisikia mwenyewe.

Mvua zikianza Novemba watu wanaingia mashambani, jozi zinavunjika na klabu inasimama. Msijilazimishe kufuata ratiba ya Julai. Bakizeni mawili: ujumbe wa sauti wa dakika moja jioni, na bahasha ya kwanza ya kadi mfukoni. Mkiwa shambani wawili, elezaneni mnachokifanya hapohapo mkiwa mnapanda, mstari mmoja kwa Kiingereza, unaofuata kwa Kiswahili. Baada ya mavuno rudini kwenye saa yenu ileile, na muanze na jambo la kwanza kabisa mlilowahi kuelezana.